Mistari Yangu Sikuiazima

Kwenye kila chupa ya mafuta ya alizeti inayotoka kwangu Kinampanda kuna mistari myeusi, mingine minene mingine myembamba, na chini yake namba. Watu wanaiita bakodi. Mistari ile ni yangu. Sikuiazima kwa mtu, sikuiokota, wala sikupewa kwa kuhurumiwa. Naanza na hilo kwa sababu Kiomboi kuna maneno yanazunguka kwamba nilishikwa mkono, kwamba aliyenifikisha ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu mwenye vyeti vyake ukutani. Shemeji alibandika stika. Kubandika alibandika, simnyimi haki yake. Ila kuchagua mahali pa kununua nilichagua mimi, mtu wa darasa la nne, tena nilichagua wakati kila aliyekuwa karibu yangu ananivuta upande mwingine.

Darasa la nne sikuacha kwa kushindwa. Ng'ombe wa baba kule Ulemo walihitaji mtu, na mtu nikawa mimi. Wenzangu walikaa wakisoma ubao, mimi nikasoma mapaja ya ng'ombe. Kwetu kila ukoo ulikuwa na chapa yake, inapigwa kwa chuma cha moto. Ya kwetu ni mistari miwili iliyosimama, na kulabu ndogo juu ya ule wa pili. Ng'ombe wetu akipotea akaonekana huko Kinyangiri, mtu wa kule anatazama paja tu, anajua ni wa nyumba gani, na habari inafika kwetu kabla ya ng'ombe mwenyewe. Hata mnadani ni hivyo. Mnunuzi mwenye akili hamwangalii muuzaji usoni, anaangalia paja. Muuzaji akisema hivi na paja likisema vile, biashara imekufa, na muuzaji ana bahati akilala nyumbani kwake siku hiyo. Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na nikaimaliza.

Kutoka kwenye ng'ombe nikaingia kwenye kuku. Nilibeba kuku kwa baiskeli, matenga yamepandana nyuma mpaka ukinitazama kwa mbali hunioni, unaona matenga yanatembea. Kutoka kwenye kuku nikanunua alizeti, gunia kwa gunia, nikiwalipa watu kukamua kwenye mashine zao, mpaka nilipochoka kuwaachia mashudu yangu, makapi ya alizeti wanayolishia ng'ombe wao, na kununua mashine yangu mwenyewe. Leo ninazo mbili, na ghala la bati linaloonekana kutoka barabarani. Nani alinipa? Niambie jina lake. Hayupo.

Lakini mafuta yangu kwa miaka mingi yaliuzwa kama ya kila mtu, kwenye madumu ya njano pembeni ya lami. Gari linasimama, mtu anashusha kioo, anasema nipe mafuta ya Singida. Mafuta ya Singida! Kana kwamba Singida nzima ni mtu mmoja anayekamua. Wanakuja pia wafanyabiashara wa miji mikubwa, wanajaza mapipa, wanaondoka. Siku moja nimeingia duka moja Dodoma nikaona chupa nzuri imesimama, lebo ya rangi, ua limechorwa. Nikainunua, nikaifungua nje ya duka, nikatia kidole. Mafuta yangu. Mimi nikikaanga alizeti kidogo kabla ya kukamua nina kipimo changu, na harufu yake naijua kama harufu ya nyumbani kwangu. Nilisimama pale na kidole mdomoni. Ng'ombe wangu, chapa ya mtu mwingine. Nikasema basi.

Nikarudi, nikanunua chupa, nikatengeneza lebo yenye jina la biashara yangu, na shingoni mwa chupa nikaweka ile mistari miwili na kulabu, chapa ya baba. Nikapeleka kwenye supamaketi moja pale Singida mjini. Si kubwa sana, ila ina milango ya vioo na keshia anayekaa kwenye kiti kinachozunguka. Mwenye nayo ni mama mmoja, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na hana muda wa maneno mengi.

"Baba," akaniambia, "mafuta yako napikia nyumbani kwangu. Hayo hatubishani. Lakini simama hapa uone."

Nikasimama karibu na keshia. Wateja wanapita. Sabuni inapitishwa kwenye mashine, mashine inalia. Chumvi, inalia. Biskuti, inalia. Ikaja chupa yangu. Kimya. Keshia akaigeuza, akaigeuza tena, akachukua kalamu, akamwita mwenzake wa nyuma amuulize bei. Foleni ikasimama. Baba mmoja mwenye kofia ya timu ya mpira akasema, "Dada, tutalala hapa? Mafuta gani hayo bubu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Umeona?" mama akasema. "Shelfu hii ya katikati, inayolingana na macho ya mtu, nakushikia mpaka mwisho wa mwezi. Niletee chupa zenye bakodi inayosomeka, shelfu ni yako. Usipoleta nampa huyu."

Huyu alikuwa amesimama pale pale, mfanyabiashara wa mafuta mwenye shati jeupe, anazungusha funguo za gari kidoleni. Akaniwekea mkono begani kana kwamba tulicheza wote utotoni.

"Mzee, unajisumbua nini? Bakodi mimi ninazo. Wewe niletee mafuta kwenye mapipa, mimi natia kwenye chupa zangu. Mafuta yako si yatakaa hapo hapo kwenye shelfu? Tofauti ni karatasi tu."

"Karatasi ya nani?"

"Yangu, sasa ya nani?"

"Basi na mafuta yatakuwa yako."

"Aah, mzee, mafuta hayana kabila."

"Ya kwangu yanalo," nikamwambia, na mkono wake nikauondoa begani kwangu.

Niliporudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Shemeji naye alikuwepo, amekuja kututembelea kutoka Singida mjini, anakula ugali wangu wa mtama na mlenda, na huku ananisikiliza kama anayesahihisha mtihani.

"Shemeji," akasema, "huyo mtu amekupa njia rahisi, na wewe umemtoa mkono begani."

"Nimemtoa, ndiyo."

"Haya. Hutaki zake, basi tengeneza zako, lakini usianze kuzunguka maofisini. Mistari ni mistari. Karibu na stendi ya Singida kuna jamaa wa steshenari, anaprinti siku hiyo hiyo, unaondoka nazo mkononi."

"Na namba ya chini ya mistari anaitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Kompyuta imeizaa yenyewe?"

"Shemeji, una maswali ya mahakamani!" Akamgeukia dada yake. "Hivi huyu mlimpataje?"

Mke wangu akacheka, akasema, "Baba watoto, jaribu tu. Kujaribu si kuoa."

Kwa heshima ya mke wangu nikakubali kujaribu. Si kwa heshima ya vyeti. Wiki ile shemeji akaja na karatasi nzima ya stika, nyeusi, safi, zinang'aa. Tukabandika moja kwenye chupa ya lita moja, tukapanda gari wote wawili mpaka Singida, yeye kabeba chupa mapajani kama mtoto wa kubatizwa. Tukaingia kwa yule mama. Keshia akapitisha chupa kwenye mashine.

Ikalia.

Shemeji akajivuta shati, akanitazama. Sijui kama umewahi kutazamwa na mwalimu wa hesabu ambaye jibu lake limetoka sawa.

Keshia akasoma kwenye kioo chake. Akasoma tena. Akaweka mkono mdomoni. "Inasema dawa ya viatu. Nyeusi. Kopo dogo."

"Mashine imekosea," shemeji akasema.

Keshia hakubishana naye. Akaenda shelfu ya nyuma, akaleta kopo la dawa ya viatu, akalipitisha. Ikalia sauti ile ile, ikaandika maneno yale yale. Mama mwenye duka akavaa miwani, akasimamisha chupa yangu na lile kopo pamoja, akafuata namba kwa ukucha, tarakimu kwa tarakimu. Zililingana mpaka ya mwisho.

"Baba," akasema taratibu, "watu wakaangie au wapake?"

Nikachana stika ile kwa ukucha hapo hapo. Nakwambia ukweli wangu, sikuona aibu. Niliona kitu ninachokijua tangu nikiwa na fimbo mkononi: nimesimama mnadani, nimeshika kamba, na mwisho wa kamba kuna ng'ombe wa mtu. Ukishaona hivyo hukai kutafuta maelezo. Unaachia kamba.

Kutoka pale nikaenda mwenyewe kwa yule jamaa wa stendi. Ni mtu wa makamo kama mimi, kipara, meza yake imejaa picha za pasipoti. Nikamuuliza namba ile aliitoa wapi.

"Imelia au haikulia?" akaniuliza.

"Imelia."

"Basi kazi yangu imekwisha, ndugu yangu. Mimi nachora. Namba kama huipendi nakupa nyingine."

"Na mwenye nayo akitokea?"

"Nchi yote hii, mtakutania wapi?"

"Tumekutana leo. Shelfu ya nyuma."

Akacheka sana, si mtu mbaya. Akaniambia kama nataka za uhakika zaidi, mtandaoni kuna watu wa nje wanauza namba kwa jumla, unalipa mara moja unasahau. Zamani zilikuwa za kampuni za huko, kampuni zikafa, namba zikabaki.

"Kampuni ikifa haina warithi?" nikamuuliza. "Siku warithi wakija, nitawaambia nini? Kwamba nilinunua kwa mtu ambaye hata sura sikumwona?"

"Mzee, wewe hufai kwa biashara ya siku hizi," akasema.

Nilitoka pale nikijua ninachotafuta, na hapa nataka unielewe vizuri, maana hapa ndipo wenye vyeti waliponiacha. Kule kwetu chuma cha kupigia chapa anatengeneza mhunzi. Lakini mhunzi hakupi chapa. Ukimwambia achonge umbo lolote anachonga, kazi yake ni moto na nyundo. Anayekupa chapa ni yule anayejua chapa zote za nchi ile, ili siku wawili wakikutana na alama moja, awepo wa kusema hii ni ya huyu, na wewe nenda kachonge nyingine. Jamaa wa stendi alikuwa mhunzi. Wale wa mtandaoni walikuwa wahunzi. Yule wa shati jeupe yeye alitaka ng'ombe wangu walale kwenye zizi lake. Mimi nilikuwa natafuta mwenye kujua zote.

Mama mwenye duka akaniambia wapo. Kuna watu hapa hapa nchini ambao ndio wanaogawa namba hizo, unajiunga kwao, unalipa kila mwaka, na jina lako linakaa kwenye orodha yao. Akanipa namba ya simu. Nikapiga nikiwa uani kwangu, sauti nimeifungulia nje ili mke wangu na shemeji wasikie.

Akapokea dada mmoja. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu. Nikichukua namba kwenu, halafu kesho mtu wa Mbeya akatokea na namba hiyo hiyo kwenye bidhaa yake, nani anaamua?"

"Sisi, baba. Namba ikishakuwa yako hatumpi mwingine. Mtu akiiga, tunaangalia kwenye orodha, tunasema ni ya nani."

"Nimemaliza. Nachukua."

"Hujauliza gharama!"

"Utaniambia. Nilitaka kwanza kujua kama kuna mwenye kujua."

Shemeji akaweka mikono kichwani. "Kila mwaka, shemeji! Umesikia? Kila mwaka! Yule wa stendi unalipa mara moja!"

"Ng'ombe nawaogesha josho mara ngapi? Nimewahi kulalamika kwamba huyu si nilishamwogesha?"

"Ng'ombe tena," akasema. "Kila kitu kwako ni ng'ombe."

Walitaka leseni, walitaka namba ya mlipa kodi, walitaka jina la biashara lililosajiliwa. Vyote ninavyo, vimenyooka. Kuna watu wana digrii na makaratasi yao ya biashara yako chini ya godoro yameliwa na mchwa. Ya kwangu mke wangu anayatunza kwenye sanduku la chuma, ukiyahitaji yanatoka kabla hujamaliza kuketi. Na kabla ya mwisho wa mwezi namba zikaja kwenye simu. Zilikuja nyingi, zote ni zangu, zote zinaanza na tarakimu tatu za Tanzania. Nilimsomea mke wangu kwa sauti, kama mtu anayesoma barua kutoka kwa mtoto aliye mbali.

Yule dada alinipigia akanikumbusha, "Baba, kila bidhaa na namba yake."

Nikamwambia nimeelewa. Bidhaa yangu ni moja, mafuta. Nikachukua namba ya kwanza, nikaipeleka kwa mtengeneza lebo, ikaingia kwenye kila kitu, chupa ya nusu lita, chupa ya lita moja na dumu la lita tano. Zile nyingine nikaziweka akiba. Wanangu watakuja kuwa na bidhaa zao.

Shemeji akatazama lebo, akasafisha koo. "Nadhani dumu lingekuwa na namba ya peke yake."

"Wewe nyamaza, Dawa ya Viatu."

"Nasema tu."

"Dume, jike na ndama, kwetu wote chapa moja. Baba hakuwa na chuma cha ndama."

Mke wangu akasema, "Msikilize hata mara moja, jamani." Lakini mtu aliyekuletea dawa ya viatu kwenye chupa ya mafuta, hata akikwambia jua limetoka utatazama kwanza nje.

Nikapeleka mzigo. Siku ile ya kwanza nilimpa mama chupa ya lita moja mkononi mwake. Akaipitisha, mashine ikalia, akaandika mwenyewe jina na bei kwenye mashine. Sauti ile mimi nimesikia vinanda vya harusi, nimesikia ngoma za mavuno, sijasikia kitu kitamu kama sauti ile. Shelfu ya katikati, inayolingana na macho ya mtu. Chupa zimejipanga, kulabu ya baba shingoni, mistari yangu ubavuni. Nusu lita na madumu nikaleta na mzigo uliofuata, yakapangwa moja kwa moja. Na madumu hayo yakaenda, nakwambia, yakaenda kama maji. Nikawa nikipita Kiomboi nawaambia watu, leteni alizeti, Singida mjini wananitaka. Hata wale waliokuwa wananiita mzee wa madumu walinyamaza.

Halafu simu ikalia asubuhi moja. "Baba, njoo," mama akasema. "Njoo leo."

Nilipofika nikamkuta na sura ya kazi. Shati jeupe naye alikuwepo, ameegemea friji ya soda. Kwenye meza ya keshia walikuwa wameweka chupa ya lita moja na dumu la lita tano. Mama akapitisha chupa. Ikalia, bei ikatokea. Akapitisha dumu. Ikalia, bei ikatokea. Ilikuwa bei ile ile.

"Keshia wangu yuko likizo," akasema, "wa zamu hii ni mgeni, anafuata mashine. Watu wa Singida si wajinga, baba, wamegundua kabla yangu. Kuna mama amekuja na toroli. Kabeba madumu, akanishukuru, akaniombea dua nipewe pepo."

"Mafuta si ni yale yale?" nikasema.

"Mafuta ni yale yale, bei si ile ile. Mashine haioni ukubwa. Inaona namba."

"Basi mashine yako ni kipofu."

"Ni kipofu, ndiyo! Sisi ndio tunaiambia. Na wewe umeiambia dumu ni chupa."

Shati jeupe akacheka. "Mama, si nilikwambia? Mwache mzee arudi barabarani na madumu yake. Kesho asubuhi naleta mzigo wangu, kila kitu kimenyooka."

Mama akanitazama juu ya miwani. "Baba, naipenda shelfu ile ikiwa na mafuta yako. Lakini duka langu nalipenda zaidi. Kabla sijafunga leo, kila chombo chako kilichomo humu kisomeke sawasawa. Kikisomeka, baki. Kisiposomeka, kesho shelfu nampa huyu."

Nilimwambia pengo la hasara yake nitalifukia mimi, na asinihesabie mbele ya huyu mtu. Akakubali. Kisha nikatoka nje, nikasimama juani, nikampigia shemeji.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Kuna nini?"

"Njoo supamaketi."

"Dawa ya Viatu inahitajika?"

"Njoo, bwana."

Akaja na kandambili, hata kubadilisha viatu hakubadilisha, na hilo nalihesabu upande wake. Nikamweleza. Hakucheka. Aliuliza tu, "Zile namba za akiba unazo?" Ninazo, kwenye simu. Tukaenda wote kwa jamaa wa stendi. Aliponiona akainua mikono.

"Mzee, umerudi kwa mhunzi!" akasema, maana siku ile ya kwanza nilishamtolea mhadhara huo mlangoni.

"Nimerudi kwa mhunzi, na leo nimekuja na chapa yangu mwenyewe. Wewe chora."

Shemeji akasoma namba ya dumu tarakimu kwa tarakimu, jamaa akaandika, shemeji akamwambia aisome naye kwa sauti, wakairudia. Na ya nusu lita vivyo hivyo. Ya lita moja ikabaki ile ya kwanza. Karatasi zikatoka kwenye mashine zikiwa na joto. Tukazibeba mpaka stoo ya duka la mama, tukakaa sakafuni, mimi na mwalimu mstaafu, tumezungukwa na mafuta. Nikishika dumu, naye anabandika stika mpya juu ya mistari ya zamani, anailainisha kwa kidole gumba. Shati jeupe alipita mlangoni mara nyingi kuliko alivyokuwa na shida ya kupita.

Katikati ya kazi shemeji akasema, bila kuinua macho, "Chapa ya ng'ombe inasema ni wa nani. Hii inasema ni ya nani na ni ipi."

"Ungesema hivyo mapema."

"Nilisema. Ukaniita Dawa ya Viatu."

"Ulisema kwa sauti ya ualimu."

"Sauti nyingine sina, shemeji."

Tukabandika. Na bado nasema, mpaka leo nasema mbele yake: aliyetufikisha kwenye namba za kubandika ni nani? Kama ningemsikiliza yeye mwanzoni, tungekuwa sakafuni pale tunabandika nini? Kama ningemsikiliza Shati Jeupe, nisingekuwa na cha kubandika wala sakafu ya kukalia. Mtu mwenye namba zake akikosea, anabandika nyingine juu. Mwenye namba ya kuazima akikosea, anaenda kuomba.

Jua likiwa limeshuka nyuma ya mawe makubwa ya Singida, mama akaanza kufunga madirisha. Akatuita. Akaingiza namba mpya na bei zake kwenye mashine, kisha akachukua mwenyewe nusu lita, akaipitisha. Bei yake. Lita moja. Bei yake. Dumu. Bei yake. Akaenda kwenye shelfu, akachomoa moja kutoka nyuma kabisa, mahali ambapo mtu mvivu angeruka. Bei yake. Akachomoa jingine. Akavua miwani ikaanguka kifuani.

"Shelfu ni yako," akasema.

Shati Jeupe akachukua funguo zake mezani. "Leo umepona, mzee."

"Sijapona," nikamwambia. "Sikuwa naumwa."

"Ukichoka na malipo ya kila mwaka, unajua nilipo."

"Na wewe ukikosa mafuta, unajua yalipo. Ila yanatoka Kinampanda na mistari yake."

Akatoka. Kioo cha mlango kikafunguka, kikajifunga.

Stika ziliisha dumu moja kabla ya mwisho, na mama alikuwa ameliona akaliweka pembeni. Shemeji alitaka akimbie stendi akaprintishe moja zaidi, nikamwambia aache. Nililinunua mwenyewe, nikapanda nalo gari mpaka nyumbani. Sasa liko jikoni kwa mke wangu, amelijaza tena na tena. Ukija kwangu utaliona, dumu la lita tano linalosema ni chupa ya lita moja. Shemeji kila akija anapiga ubavu wake kwa kidole, anamwambia dada yake, "Nipe kidogo ya ile lita moja yenu," wanacheka mpaka mlenda unaungua. Mke wangu ameshaniomba mara kadhaa nichane lebo ile.

Sichani. Namba ile iliandikwa kwa jina langu na mwenye kujua zote, na kilichomo nimekamua mimi. Mashine ya mjini iliambiwa vibaya ikasema vibaya, basi. Mke wangu akilinyanyua dumu lile kwa mikono miwili anajua uzito wake, na anajua ni la nani.